Kromosomu Arobaini na Nane za Tangi la Tatu

Kabla sijakabidhi funguo, msimamizi mpya wa maabara aliniomba niandike ukurasa mmoja kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi. Ukurasa mmoja hautoshi hata kueleza namna ya kuosha kioo cha hadubini. Nimeandika kwa kadiri kazi ilivyokuwa. Asiye na subira na aishie hapa, akaoshe vioo.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Vimo kwenye faili langu, na faili ni nene. Nitaeleza miaka ya mwanzo, mwishoni mwa miaka ya hamsini na kuingia ya sitini, nilipokuwa mtu wa pekee katika kisiwa kizima cha Pemba aliyeweza kukaa mbele ya hadubini akahesabu kromosomu za samaki. Nasema wa pekee kwa sababu nilikuwa wa pekee. Kama kulikuwa na mwingine, alijificha vizuri sana.

Baba yangu alikuwa mkulima wa Makangale, kule kaskazini karibu na msitu. Sikusomeshwa na serikali wala na mjomba. Nilianza kwa kuosha chupa katika hospitali moja ya Mombasa, nikaosha chupa Nairobi, kisha nikapanda meli kama msaidizi wa jikoni, nikaenda kuosha chupa Uingereza. Mchana niliosha, jioni nilisoma, na baada ya miaka saba nikapata diploma ya ufundi wa maabara. Wenzangu darasani walikuwa na baba zao, mama zao na makoti mazito. Mimi nilitoka wa pili katika mtihani wa mwisho. Aliyetoka wa kwanza alikuwa anarudia mwaka.

Aliyenifunza kazi hasa hakuwa profesa. Alikuwa fundi mzee wa kike aliyeitwa Agnes, mwenye miwani jozi mbili, moja usoni na nyingine shingoni, na aliyeamini kwamba maprofesa wameumbwa ili wachafue meza. Alinifunza kutumia kidole gumba. Chembe za samaki huwekwa ndani ya tone la rangi juu ya kioo, hufunikwa kwa kijikioo chembamba kuliko ukucha, juu yake huwekwa karatasi ya kukaushia wino, kisha hubonyezwa. Ukibonyeza kidogo, kromosomu hubaki zimerundikana. Ukibonyeza sana, kijikioo huvunjika. Kidole kikiteleza hata kwa unene wa unywele, umepika uji. Kwa wiki tatu nilivunja vijikioo mchana kutwa, naye akivihesabu kwa sauti. Baada ya hapo maprofesa wakawa wananiita mimi niwabonyezee.

Alinifunza pia kuhesabu. “Hesabu mara tatu,” alisema. “Mara ya kwanza kama mwenye mali, mara ya pili kama mnunuzi, mara ya tatu kama adui wa mwenye mali.”

Kwa msomaji asiye wa fani yetu, kromosomu ni vijiti vidogo mno vilivyomo ndani ya kila chembe ya mwili, navyo ndivyo vinavyobeba urithi kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Kila aina ya kiumbe ina idadi yake. Vijiti hivyo huonekana vizuri wakati chembe inapojigawa tu, na hata hapo ni lazima uitie rangi, uilaze bapa, na umwombe Mungu visipandane. Nilipoanza masomo, vitabu vilisema binadamu ana kromosomu arobaini na nane. Kabla sijamaliza, vikasema ni arobaini na sita. Kwa miaka zaidi ya thelathini mabingwa walikuwa wakihesabu vibaya, kila mmoja akiona arobaini na nane kwa sababu aliyemtangulia aliziona. Jambo hilo lilinifurahisha sana. Nilijiambia kwamba Mpemba asingekosea namna hiyo.

Nilirudi nyumbani nikapangiwa kazi Chake Chake, katika jengo la Madungu lililokuwa ghala la karafuu. Sakafu ilikuwa bado inanukia. Mkuu wangu alikuwa Dokta Thornby, Mwingereza mrefu, mkimya, aliyetembea ameinama kama anayetafuta sindano iliyodondoka. Alikuja na samaki wake ndani ya madebe yaliyofungwa mablanketi, kutoka mbali kuliko nilikotoka mimi. Walikuwa samaki wadogo wa mito ya Amerika ya Kusini. Madume yana mikia ya rangi utadhani vipande vya kanga. Majike ni ya kijivu, manene, hayana mvuto. Sifa yao kubwa ni kwamba wanakula viluwiluwi vya mbu bila kuchoka. Wakubwa wa kampeni ya malaria walitaka kujua kama wataweza kuishi katika visima vyetu vyenye maji ya chumvichumvi. Dokta alitaka kujua zaidi. Samaki wake walitoka mito mitatu tofauti, na alitaka kila mto ujulikane samaki wake wana kromosomu ngapi, apate kusema kama ni aina moja au wameshatengana. Kwa hiyo tulikuwa na matangi matatu ya saruji nyuma ya jengo, kila mto na tangi lake. Samaki wa tangi la tatu walitoka kijito ambacho, kwa kadiri alivyojua Dokta, hakuna aliyewahi kuwahesabu samaki wake.

Siku ya kwanza nilikaribishwa na Mzee Bakari, aliyekuwa akifanya kazi ya afya tangu kabla ya vita. Alikuwa na baiskeli, kofia ya viua iliyofifia, na ulimi.

“Kumbe diploma yenyewe ndiyo hii ya kupasua matumbo ya dagaa?” aliniuliza.

“Si dagaa, Mzee Bakari. Na si matumbo. Nahesabu kromosomu.”

“Ukishazihesabu, homa inashuka?”

Tangu siku hiyo aliniita Shehe Diploma, na jina likaenea hadi sokoni. Sikuchukia. Shehe ni heshima, na diploma ilikuwa yangu.

Hadubini yetu ilikuwa ya shaba, nzuri, ila haikuwa na taa. Chini yake palikuwa na kioo kidogo cha kuvuta mwanga wa jua, na umeme wa Chake mchana haukuwa wa kutegemea. Asubuhi nilikaa dirisha la mashariki, alasiri nilibeba meza nikahamia dirisha la magharibi. Likija wingu, kazi inasimama, mnabaki kutazamana. Rangi yetu ilichemshwa katika asidi ya siki, na kwa joto la Pemba ilikauka chini ya kijikioo kabla hujakaa sawa. Nilijifunza kuziba kingo kwa nta. Dokta alikuwa hajaiona njia hiyo. Aliiandika.

Adui wetu mkubwa walikuwa wapuliza dawa, vijana wa kampeni hiyohiyo waliozunguka kunyunyiza kuta za nyumba. Walipenda kusuuza mabomba yao karibu na matangi yetu kwa sababu mfereji wa maji ulikuwa hapo. Tangi la kwanza lilikufa nusu yake kwa asubuhi moja. Nilibandika ukutani karatasi kubwa kwa mwandiko wangu: KISIINGIE KITU TANGINI BILA KUANDIKWA DAFTARINI. Mpuliza dawa mmoja aliuliza kama na yeye aandikwe akitumbukia. Nikamwambia ajaribu.

Samaki walizaana haraka. Hawatagi mayai, huzaa watoto hai, na baada ya miezi michache matangi yakafurika. Dokta akaruhusu waliozidi wagawiwe watu wenye visima. Mzee Bakari aliwapeleka kwa baiskeli ndani ya chupa pana za dawa, na kwa kuwa chupa hizo zilikuwa adimu, kila mwenye kupewa alitakiwa arudishe yake. Watu wa Pemba hawakusumbua. Walichotaka kujua ni kama samaki akifa kisimani maji bado yanafaa kutawadhia, na walipohakikishiwa na masheha na mashehe wao kwamba samaki hata mfu ni twahara, wakapokea.

Kazi ya kuhesabu tuliigawa. Dokta alihesabu tangi la kwanza na la pili, akapata arobaini na sita, kama vitabu vinavyosema kuhusu samaki hao. Tangi la tatu alinipa mimi. Nilitumia vijusi, yaani watoto walio bado matumboni, kwa sababu vijusi vinakua mbio na chembe zake zinajigawa kila mahali. Nilichagua majike makubwa kuliko yote, yenye matumbo yaliyotuna, nikayadunga dawa ya kusimamisha chembe katikati ya kujigawa, nikasubiri, nikatoa vijusi, nikavitia rangi, nikabonyeza.

Nilihesabu kama mwenye mali, nikapata arobaini na nane.

Nikahesabu mara mbili zaidi. Arobaini na nane. Nikachukua chembe nyingine, kijusi kingine, jike jingine. Siku nne nilikaa madirisha mawili, sikumwambia mtu. Siku ya tano nilimwita Dokta. Alihesabu akiwa amesimama, kisha akahesabu amekaa.

“Bwana Kombo,” alisema, “unajua umeona nini?”

“Nimeona arobaini na nane, Dokta.”

“Umeona aina mpya ya samaki. Kijito kizima kimejitenga, na hakuna aliyejua.”

Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alizungumza hadi akakohoa. Angeandika makala kwa jarida la kwao, na makala yangekuwa na majina mawili, lake na langu. Akanipa karatasi nimwandikie jina langu lilivyo. Niliandika kwa herufi kubwa: FAKI KOMBO FAKI. Nikalisoma mara tatu, kama Agnes alivyonifunza.

Naomba nieleweke. Kwa miaka kumi na zaidi niliosha chupa za watu ambao majina yao yalichapishwa. Nilibonyeza chembe zao, nikazihesabu, nikachora, na chini ya mchoro wakaandika majina yao wao. Mara moja tu nilishukuriwa, pamoja na mlinzi wa mlango. Jina langu kwenye jarida lilikuwa kwangu jambo kubwa kuliko nyumba. Nilimwambia kinyozi. Nilimwambia muuza duka wa Kihindi aliyetuuzia karatasi, akanipa mkono. Nilimwambia hata mpuliza dawa.

Dokta aliandika kwa wiki mbili, mimi nikachora. Jumanne moja bahasha ilikuwa tayari, imefungwa, juu ya meza yake. Ndege ndogo iliyochukua barua iliondoka Wawi kila Jumatano saa kumi alasiri.

Jumanne hiyohiyo nilikwenda Wawi kukagua visima vya waliogawiwa samaki. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Bi Mize, mjane mwenye shamba dogo, aliyemjua mama yangu. Nilikuwa sijafika kwake tangu nirudi.

“Hodi hapa.”

“Karibu, mwanangu. Karibu, Mzungu wetu. Leo umetukumbuka?”

“Shikamoo, Bi Mize.”

“Marahaba. Haya, na wale wanangu hawajambo?”

“Wanao wepi?”

“Wale wanne n’lokutilia chupani. Wanene wale! N’liwachagua mwenyewe, n’kawaacha wadogo.”

Nilikuwa nimeshika kamba ya ndoo yake. Niliiacha. Nikakumbuka alasiri moja, miezi mitatu nyuma, Mzee Bakari alipoweka chupa juu ya meza yangu akasema, “Bi Mize karudisha chupa,” akaenda kuswali. Ndani mlikuwa na samaki wanne wa kijivu, majike, wamenona kwa mimba. Nilidhani ni wetu wale wale, kwamba kisima chake kidogo hakikuwahitaji wote. Aliopelekewa yeye walikuwa wa tangi la tatu, basi nikawamimina tangi la tatu. Sikuandika daftarini. Nilijiambia kwamba kinachorudi hakiingii.

“Bi Mize,” nilisema, “chupa ile ilitakiwa irudi tupu.”

“Tupu!” Aliniangalia kama nimemtukania wazee. “Mie nirudishe chombo cha mtu kitupu? Mamako hakukufunza hivyo, Faki. Au umeyaacha huko kwenye baridi? Umeniletea samaki, nami n’kakutilia samaki. Ningekutilia muhogo, ila mdomo wa chupa mdogo.”

Alikuwa na haki. Hakuna nyumba ya Pemba inayorudisha sahani ya jirani tupu. Hutiwa hata ndimu mbili. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Lakini huko nilikokuwa chombo cha mtu hurudi kitupu na kimeoshwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikikiosha.

“Hao samaki ulinitilia wa wapi?”

“Wa kisimani humu. Wamo siku nyingi, tangu bwana afya yule wa wakati wa vita. Wao na hawa wapya wanagombana, lakini wanakaa. Mbona umekaa chini? Nikupe maji?”

Nilichungulia. Chini kwenye kivuli palikuwa na migongo ya kijivu, na miongoni mwao mikia michache ya rangi. Nilirudi Madungu kwa miguu, nikampata Mzee Bakari akitia upepo gurudumu.

“Mzee Bakari, wakati wa vita mlitia samaki visima vya Wawi?”

“Nilitia kwa mkono wangu. Ndoo kwa ndoo.”

“Walitoka wapi?”

“Tuliambiwa Amerika.”

“Amerika ipi?”

Aliacha pampu. “Kwani ziko ngapi?”

Ziko mbili. Ile ya Kaskazini nayo ina samaki wake wa kula viluwiluwi, waliosambazwa duniani kabla ya hawa wetu. Jike lake ni la kijivu kama la kwetu, ila ni kubwa zaidi. Dume lake halina rangi hata likizeeka. Mtu akiliona tangini atadhani ni dume la kwetu lisilokomaa bado. Kromosomu zake zimeandikwa vitabuni. Nilifungua kitabu, ingawa nilijua kitakachosema. Arobaini na nane.

Kwa hiyo aina mpya ya samaki ilikuwa adabu ya Bi Mize. Na mimi, kwa kujua kwangu kuchagua majike makubwa kuliko yote, nilikuwa nimewachagua samaki wake na watoto wao, mmoja mmoja.

Watu watatu tu walijua kwamba kisima cha Wawi kilikuwa na samaki hao, na mmoja tu kati yao alijua maana yake. Bahasha imefungwa. Kesho saa kumi ingeruka. Sitawaambia kwamba sikufikiria kunyamaza. Nilifikiria kwa bidii, kama nilivyosomea mtihani.

Jumatano saa mbili asubuhi nilimwambia Dokta yote, nimesimama. Alipomaliza kusikia, aliishika bahasha akaipima mkononi.

“Una hakika?”

“Sina. Ndiyo maana nataka kuhesabu. Samaki wa kisima cha Wawi, na dume la rangi la tangi la tatu, ambalo kwa mkia wake ni la kijito bila shaka. Nikipata idadi moja, nimekutisha bure.”

“Ndege ni saa kumi.”

“Na sasa ni saa mbili.”

Alikwenda dirishani. “Nani mwingine anajua?”

“Bi Mize na Mzee Bakari.”

“Hao hawasomi majarida.”

“Hawasomi, Dokta. Mimi nasoma.”

Aligeuka. Uso wake ulikuwa umewiva, na nikadhani sasa ndipo atakaponifukuza. “Unafahamu,” alisema polepole, “ukipata unachofikiri utapata, mimi sina makala na wewe huna jina. Na itabidi niandike ni nani aliyemimina.”

“Nafahamu.”

“Basi unangoja nini?”

Mzee Bakari alikwenda Wawi kwa baiskeli na akarudi saa nne na chupa ya samaki sita, na pakacha la maembe, kwa sababu Bi Mize hakukubali atoke mikono mitupu. Nilidunga majike mawili ya Wawi na madume mawili yenye mikia mizuri ya tangi la tatu. Dawa inahitaji saa tatu. Saa tatu hizo sijui zilipita vipi. Dokta alikaa mezani kwake, bahasha mbele yake, hasomi, haandiki. Mimi niliosha vioo vilivyokwisha oshwa.

Saa saba na nusu nilitoa vijusi vya jike la Wawi na korodani za dume, nikavitia rangi. Hapo mawingu yakaanza kupanda kutoka upande wa bara. Nilibeba meza hadi dirisha la magharibi. Kioo cha kwanza kidole kiliteleza. Uji. Dokta, aliyekuwa nyuma yangu, alinipa kijikioo kingine. Cha pili kilikaa. Nikaziba nta, nikainamia hadubini, na mwanga ukaondoka.

Tulisimama wote watatu tukitazama mbingu. Mzee Bakari alinong’ona dua. Nje gari la barua lilikuwa limeshafika, dereva amezima moto, anazungumza na wapuliza dawa. Ilipofika saa tisa kasorobo wingu lilipasuka, mwanga ukaingia kwenye kioo cha hadubini kama mtu aliyewasha taa.

“Nipishe,” Dokta alisema. “Nahesabu mimi. Wewe chora.”

Niliwapisha, yeye na matumaini yake. Alitaka samaki wa kisima wasiwe arobaini na nane. Na mimi nilitaka hivyo hivyo, sioni aibu kulisema. Nilikuwa nimekaa na penseli, nikiomba niwe nimekosea. Alihesabu kwa sauti ya chini. Nilichora kijiti kimoja kimoja. Alipofika arobaini na nne aligeuza kidogo kioo cha mwanga.

“Arobaini na tano. Sita.” Akapumua. “Saba. Nane.”

Akahesabu chembe ya pili, kisha ya tatu. Hakuinua kichwa. Akaniashiria nibadilishe kioo, nikaweka cha dume la tangi la tatu, lile lenye mkia mwekundu. Wingu jingine lilikuwa njiani; nililiona kwa pembe ya jicho. Alihesabu haraka sasa, na mimi sikuhitaji kuchora ili nijue. Alisimama arobaini na sita na hapakuwa na kilichobaki.

Nje dereva alipiga honi. Dokta alichukua bahasha, akatoka nayo mlangoni, na kwa muda nilidhani ataitoa. Nikainuka. Sijui ningefanya nini. Labda ningemshika mkono, na hapo kazi yangu ingekwisha kwa sababu nyingine.

“Hakuna barua leo,” alimwambia dereva.

“Mbona umeishika, Bwana?”

“Nimesema hakuna.”

Gari likaondoka. Alirudi, akaichana bahasha vipande vinne, akavitia kwenye pipa. Kisha akanisogezea daftari la matangi na kalamu yake. “Andika mwenyewe,” alisema. “Ukweli tu, bila kujitetea na bila kujipiga kifua.” La pili lilikuwa gumu zaidi kwangu kuliko la kwanza. Niliandika: *Samaki wanne wa kisima cha Wawi walimiminwa tangi la tatu na Faki Kombo Faki, aliyedhani ni wa tangi hilo. Hawakukaguliwa wala kuandikwa. Kazi yote ya vijusi ya tangi hili ifutwe.* Alisoma, akabadilisha alama moja, akatia saini chini yangu.

Nilitarajia nifukuzwe. Badala yake asubuhi iliyofuata nilikuta ndoo na chujio mlangoni pangu. Tulilikausha tangi la tatu. Majike hatukuweza kuyatenga kwa hakika, tukayaua yote. Madume yenye rangi tukayabakiza, na Dokta akaagiza majike mapya kutoka kijito kilekile. Tulianza upya, na kazi ikachukua mwaka na miezi miwili, huku siasa zikichemka nje na watu wakiulizana chama kabla ya kuamkiana. Chupa zote zilizorudi nilizipokea mimi mwenyewe, na zilirudi na samaki, na ndimu, na mara moja yai la kuchemsha. Kila kitu nilikiandika. Yai nalo limo.

Makala yalichapishwa hatimaye, baada ya Dokta kurudi kwao. Alinitumia nakala. Ina jina moja. Nilimaliza kurasa zote, pamoja na shukrani, na mimi simo. Mlinzi wa mlango naye hayumo. Lakini kwenye ukurasa wa nne, mbele ya kijito kile cha Amerika ya Kusini, pameandikwa arobaini na sita, na chembe zilizohesabiwa hapo nilizibonyeza mimi, Madungu, dirisha la magharibi. Wamekuja wengi baada yetu, wenye taa za umeme na kamera. Wamehesabu tena. Hakuna aliyeibadilisha.